Mgeni Anaambiwa Lini

Kavira mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi sijaanza leo kuwajua watu wa kwaya: hawawezi kuaga bila kuimba, na wakianza kuimba hawajui kuacha. Kwa hiyo nina muda. Baba yako yuko uani anapaka sabuni kwenye zipu ya valizi yako, anasema imekauka, ingawa mimi naona valizi imejaa kupita kiasi na sabuni haitasaidia kitu. Paluku amekwenda tena kuulizia saa ya basi la kwenda mpakani Bunagana, kana kwamba saa hiyo inabadilika kila anapoiulizia. Kila mtu hapa nyumbani amejitafutia kazi ili asikae akaifikiria kesho. Kazi yangu mimi ni barua hii.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kufunga mlango, na kutompa mtu simu yako aishike njiani. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka kaka yako mdogo Paluku ameyatungia wimbo. Nataka tuzungumze kuhusu swali lako la utafiti. Najua utacheka. Utasema mama za wenzako wanawaandikia kuhusu wanaume, mama yako anakuandikia kuhusu swali.

Jana tulipokuwa tunakula ulisema jambo ukiwa umeinamia sahani, tena ukalisema upesi ili lipite. Ulisema profesa wa Kampala atakayekusimamia amekuandikia kwamba swali lako ni zuri lakini ni dogo. Ukasema huenda utarudi kwenye lile la mwanzo, la kupima kiwango cha uelewa wa watu waliokimbia vita kuhusu hatari ya mazuku, ile hewa ya ardhini inayoua, kwa sababu lile linaeleweka haraka na kila mtu analipenda. Ukifika tu utasimama mbele ya walimu na kushika moja kati ya hayo mawili, na utakaloshika ndilo utakaloishi nalo mpaka umalize masomo. Baba yako akasema, "Profesa njo mwenye kujua." Mimi nikanyamaza, nikaondoa sahani. Maneno nilikuwa nayo. Nilinyamaza kwa adabu, na wewe unajua adabu ya namna hiyo ilitaka kutufanyia nini.

Basi ngoja niseme sasa kile ambacho jana kilibaki jikoni pamoja na sahani.

Unaijua kazi iliyokulisha. Tulipofika kambi ya Mugunga kutoka kwetu Kalengera, wewe ukiwa umeng'oka meno ya mbele na Paluku hajajua kutembea, nilikuwa na vitu viwili ambavyo vita havikuninyang'anya: diploma ya sekondari na lugha nne kinywani. Mashirika yalikuwa yanatafuta watu wa kufanya ankete, yaani kupita hema kwa hema na kuuliza maswali yaliyoandikwa na watu wengine, mahali pengine. Wakanichukua. Walinipa fulana yenye nembo na ubao wa kuandikia, na nilijiona mtu mkubwa sana pale kambini, Mungu anisamehe.

Swali la kwanza lilikuwa, jana mlikula mara ngapi? Watu walijibu, mara moja. Hema hili mara moja, hema lile mara moja, hata pale ambapo nilikuwa naona sufuria ya pili inachemka. Mzee mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Nilipomuuliza, naye akaniuliza, taratibu kabisa: "Mama, jibu ya kupata bashi ni gani?" Bashi ni turubai la kufunikia hema, na lake lilikuwa limetoboka. Hakuwa mwongo yule mzee. Alikuwa ameelewa kwamba swali langu lilikuja na jibu lake tumboni, na kazi yake yeye ni kulipata.

Nami nikamsaidia kulipata. Tangu siku ile nikawa nauliza, jana mlikula mara moja, sivyo? Niliona ni huruma, na mpaka leo sijutii sana, kwa sababu mvua ya Mugunga naijua. Ubaya ni kwamba huruma ile ikawa mazoea, na mazoea yakawa ndiyo namna yangu ya kuuliza kila kitu. Walipotuletea swali la mazuku, hata baada ya yale yaliyompata Paluku, nililiuliza kwa sauti ile ile: mnajua hatari ya mazuku, sivyo? Wote wakasema wanajua. Nani atamwambia mtu mwenye fulana na kalamu kwamba hajui? Ripoti ikatoka ikisema uelewa ni wa kuridhisha, nami nikaisoma kwa majivuno. Haikuchukua muda, familia moja kati ya zile zilizonijibu ikakuta mbuzi wake wamelala kwenye shimo asubuhi, wamekufa bila jeraha.

Sasa unaelewa kwa nini nilicheka siku ile ya sombe.

Ulikuwa umekaa mezani na simu yako, mimi niko na sombe ya majani ya muhogo kwenye jiko la mbabula. Uliiomba ile akili bandia ikupe maswali ya utafiti kuhusu mazuku, na kabla sijafunika sufuria ilikuwa imekumwagia orodha nzima, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi. Ukanisomea moja moja. Kiwango cha uelewa. Mtazamo wa jamii. Uwezo wa kustahimili. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Unacheka nini, mama?"

"Ile maswali yote naijua. Niliiuliza yote Mugunga."

"Basi uliza weye."

Ulikasirika, na mimi nikazidi kucheka, jambo ambalo si zuri kwa mzazi. Ukaandika swali lako mwenyewe, ukalituma. Ikajibu kwamba ni swali zuri sana. Ukaligeuza, ukaandika kinyume chake kabisa. Ikajibu kwamba ni swali zuri sana. Hapo nikakuambia, "Kavira, hii mashini inatafuta bashi." Nikakusimulia habari ya yule mzee, na wewe ukacheka kuliko mimi.

Ninachotaka ukibebe kutoka siku ile ni kile ulichofanya baada ya kucheka. Mimi ningeizima simu na kusema nilijua ni upuuzi, maana kabla ya hapo nilishakuambia kwamba umeanza kutuma kitu kikufikirie. Wewe ulikunja miguu kitini, ukaiandikia: usinipe swali, usinisifu, niulize wewe, moja moja, na ukiona nimejibu jambo nisilo na uhakika nalo, niambie. Kumbe nusu ya ubaya ilikuwa kwetu. Tulikuwa tunaiuliza kama nilivyokuwa nawauliza watu wa mahema, nayo ikatujibu kama wao. Ulipobadilisha uulizaji, ikabadilika.

Ikakuuliza, familia yako ilijua lini kwamba mahali pale pana mazuku? Ukajibu, siku kaka yangu alipotaka kufa. Nani alimwokoa? Jirani, Mama Sifa. Yeye alijua tangu lini? Tangu utoto, ni mzaliwa wa pale. Kisha ikaleta swali ambalo mimi, niliyekula kwa kuuliza, sikuwahi kulifikisha kwa mtu yeyote: kama alikuwa anajua, kwa nini hakuwaambia siku mlipofika?

Uliinua kichwa ukaniangalia. Sombe ikaungua, na tuliila hivyo hivyo.

Kisa hiki ulikuwa umekisikia vipande vipande, na siku ile nilikueleza kwa ukali, kwa hiyo nakiandika tena kwa utulivu. Ilikuwa asubuhi ya baridi isiyo na upepo. Nilishuka kutafuta majani ya kutandika ndani ya hema, nikaona kishimo kati ya mawe ya volkano, kina nyasi za kijani, laini, nikasema hapa mtoto atajikinga na baridi. Nikatandika kitenge, nikamlaza Paluku. Mazuku hayana rangi, na mimi sikusikia harufu yoyote. Ni hewa nzito inayotoka ardhini na kutulia mashimoni mpaka jua na upepo viitawanye. Mtu mzima aliyesimama, kichwa chake kinakuwa juu yake. Mtoto aliyelala anakuwa ndani yake.

Nilikuwa nimeinama hatua chache tu kutoka pale nikasikia mtu anakimbia juu ya mawe. Alikuwa Mama Sifa. Alimnyakua Paluku kwa mkono mmoja, akapanda naye juu, akawa anampepea kwa kitenge chake na kumpigapiga mgongo. Mtoto alikuwa amelegea kabisa. Alipolia hatimaye, mimi nilikuwa bado nimeshika majani yangu. Mama Sifa akaniambia, "Mama, hapa hatulalishake mutoto." Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua?" Akatazama chini.

Sikumshukuru inavyostahili. Nilisema asante ya mdomo, na moyoni nikaweka kitu kingine, nikakitunza miaka yote hii: kwamba alijua akanyamaza kwa sababu sisi tulikuwa watu wa kuja, tumekaa juu ya shamba la watu, na watu wa kuja wakipungua mwenyeji halii. Ndivyo nilivyokujibu siku ya sombe. Ukaiandikia akili bandia, ukaiuliza sababu zinazowezekana, na katika zile ilizozitaja moja ilikuwa mvutano wa ardhi kati ya wenyeji na waliokimbia. Nikapiga meza. "Unaona? Hata mashini inajua."

Nikikumbuka naona haya. Muda mfupi tu kabla ya hapo nilikuwa nimesema inatafuta bashi, na iliponiletea jibu la kufunika hasira yangu nikalipokea kwa mikono miwili, sikuuliza hata imejuaje. Wewe ukasema, kwa upole, "Mama, mashini haimujue Mama Sifa." Ni maneno machache, lakini yaliniuma, na yalinifaa kuliko mengi niliyoambiwa na watu wazima.

Tukaenda. Nilivuta miguu, nikasema kichwa kinaniuma, nikasema mvua inakuja. Paluku alitaka kuja kwa sababu hakumkumbuka mtu aliyemwokoa. Kambi haipo tena, watu waliambiwa warudi makwao, na pale mahema yalipokuwa yamesimama tulikuta maharage. Mama Sifa yuko pale pale. Jicho moja haliko sawa, lakini alinitambua kwa sauti kabla sijafika mlangoni. Paluku alipoingia aliinama sana asigonge kichwa kwenye kizingiti, na yule mama akamshika mikono yote miwili, akampapasa mpaka mabegani. Akatupikia bugali na samaki wadogo wa sambaza. Hakutuuliza tumefuata nini, na mimi nilikula kana kwamba ndicho nilichofuata.

Wewe ndiye uliyeuliza. Uliiweka simu chini kwanza, na hilo nililiona.

"Mama, siku tulifika hapa, juu ya nini hamukutuambia mambo ya mazuku?"

Mama Sifa alinawa mikono kabla ya kujibu.

"Mutoto yangu, mulifika na mizigo ku kichwa, mutoto ku mugongo, munatoka ku vita. Mutu wa vile utamwambia nini? Kama fasi tulimupatia inauaka batu? Angesema tunamufukuza. Nikasema, baache bapumuzike mbele. Bakizoea, nitabaambia."

"Lakini tulikaa majuma mingi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa na wembe bado.

"Mulikaa, ndiyo. Na weye haukuuliza. Mugeni akiuliza, unamwambia ile ile siku."

Ilikuwa kweli. Sikuuliza. Sikuuliza kwa sababu niliogopa wenyeji wasije wakasema, watu hawa wamepewa mahali pa kulala na tayari wanatafuta kasoro. Nililelewa Kalengera na mama aliyetufundisha kwamba mgeni hachagui kiti. Mama Sifa naye alilelewa kwamba mgeni haogopeshwi. Tukakaa pale, yeye na adabu yake na mimi na yangu, zote nzuri, na katikati yetu palikuwa na shimo.

Kisha nikauliza kile ambacho tangu siku ile nilikuwa nakiita bahati. "Ile asubui, ulifika namna gani mbio vile?"

Akacheka kidogo, kama mtu aliyefumaniwa.

"Nilikuwa nakufuata. Kila asubui. Ukitoka na mutoto, na miye natoka nyuma, naangalia wapi unaenda. Ile siku nilichelewa, juu ya moto ilikataa kuwaka."

Uliniona nilivyolia, Kavira, na najua ulishangaa, kwa sababu mimi si mtu wa kulia mbele ya sahani. Mwanamke niliyekuwa namsema moyoni miaka yote alikuwa anaamka kila siku kunichunga, kwa kushindwa tu kunitamkia neno moja. Nilipiga magoti nikamshukuru upya. Akasema niinuke, nitachafua kitenge.

Kabla hatujaondoka alitoa kijinga cha moto jikoni, akatushusha mpaka kwenye kile kishimo. Nyasi bado ni za kijani. Akainama akakishusha kijinga polepole, na moto ukazimika, bila upepo, bila sauti. Akamwambia Paluku, "Ulikuwa hapa."

Jioni ile ukaandika swali lako: mgeni anaambiwa lini? Nililisoma nikahisi kitu nisichowahi kukihisi nikiwa na ubao wangu wa ankete. Nilijivuna, na safari hii kwa haki.

Sisemi kwamba akili bandia haikufanya kazi baada ya hapo. Ilifanya kazi nyingi, na nilikuwa nasikiliza nikijifanya nachambua mchele. Ilikuuliza nani hasa ni mgeni: aliyefika jana, au hata aliyekaa miaka kumi? Ilikuuliza vipi watoto, ambao hawana adabu hiyo na wanacheza pamoja tangu siku ya kwanza, je, wao huambiana mapema kuliko mama zao? Ilikuuliza ni kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea, na ulizunguka nacho siku nyingi, ukanijibu ukiwa unafua: kama kunyamaza ni adabu tu, basi mahali ambapo mgeni anapokelewa na ofisi na si na jirani, ataambiwa mara moja, na kama hata huko haambiwi, basi kuna sababu nyingine ambayo hujaiona. Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba binti yangu ametafuta mwenyewe mlango wa kukosolewa na kuuacha wazi. Mimi nimeishi maisha yangu nikiufunga.

Na ilikutajia makala za wataalamu, majina marefu na kurasa, na ulipokwenda kuzitafuta mbili hazikuwapo duniani. Uliumia. Mimi sikushangaa, maana nimekutana na watu wengi wazuri ambao wakikosa jibu wanakutengenezea moja, usirudi mikono mitupu. Tangu hapo kila ilichokutajia ulikitafuta kwa macho yako. Endelea hivyo. Ile akili bandia ni mwulizaji mzuri, lakini usiifanye shahidi.

Sasa, profesa anasema swali ni dogo. Mimi sina shahada ya master, na yeye amesoma maswali mengi kuliko niliyouliza. Labda yuko sahihi. Labda anamaanisha hujamwonyesha linakofika. Labda naye ni mwenyeji mpole, ameona kasoro fulani katika kazi yako na hataki kumtisha mgeni kabla hajaweka mzigo chini, akachagua neno laini. Unaona jinsi ninavyotunga sababu tena? Hapo ndipo nilipopotea mimi. Nilimhukumu mtu kwa kunyamaza kwake miaka na miaka, na nyumba yake haikuwa mbali na yangu. Wewe ukifika mwulize: dogo kwa nini? Lingekuwa kubwa wapi? Mwulize ana kwa ana, na usimkasirikie kabla hajajibu. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyosema kila siku, halafu tunanyamaza.

Na akikuonyesha sababu ya kweli ya kuliacha, liache. Nakuambia kwa moyo mweupe, sitanuna. Ni lako, si langu, ingawa nimelipenda kupita kiasi. Ila usiliache kwa adabu. Usilibadilishe na lile ambalo jibu lake liko tumboni mwake kwa sababu tu linapita mlangoni bila kuinama.

Kuna jambo jingine, na hili ni la kwako wewe, si la profesa. Kampala utakuwa mgeni. Sina hofu kwamba watu watakuwa wabaya. Ninachohofia kidogo ni kwamba watakuwa wazuri, watakupikia, watakuacha upumzike mbele, maneno baadaye. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hakuna aliyesema ni siku gani anaonyeshwa shimo liko wapi. Kwa hiyo omba uonyeshwe. Mwulize mama mwenye nyumba siku ile ile. Waulize waliokutangulia darasani wapi watu huanguka, katika masomo na nje ya masomo. Ukiona wanatazama chini, rudia. Nilikulea uwe na adabu, na ninajivunia nilivyokulea. Sasa naomba upunguze kidogo.

Nami nisije nikawa Mama Sifa kwako, nikakufuata nyuma kila asubuhi kwa macho tu bila kusema. Nasema: naogopa. Naogopa barabara, naogopa mpaka, naogopa ukimya wa kitanda chako. Na ninafurahi zaidi ya ninavyoogopa. Nikikuona na simu yako na vitabu vyako, ukibishana na kile chombo mpaka kinakubali kwamba hakijui, naona kitu ambacho mimi nilikikosa nilipokuwa na umri wako. Mimi nilipewa maswali. Wewe umejitafutia lako, na umelipata karibu sana na nyumbani.

Basi litapita Kalengera asubuhi. Usishuke, angalia tu. Mikaratusi ya babu yako inaonekana kutoka barabarani, kama hawajaikata. Watu wengi wamerudi pale, na wengine wamefika ambao si wa pale. Siku moja utashuka na maswali yako, utakuta mtu ameketi nje, na utamwuliza aliambiwa lini, na nani. Nitakuja nawe ukitaka, nibebe maji. Sitafungua mdomo, naahidi, ingawa unajua ahadi zangu za kunyamaza.

Nawasikia barabarani. Kwaya nzima imekusindikiza mpaka nyumbani, kama nilivyosema, na Paluku ndiye anaimba kwa sauti kubwa kuliko wote, tena ule wimbo wake wa kuchemsha maji. Nimalize kabla hamjaingia.

Kesho yeye ndiye atakayebeba valizi yako mpaka kwenye basi. Anasema hataki chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ataiweka begani. Mwache atangulie, utembee nyuma yake kidogo, umwangalie anavyotembea. Halafu ukisimama mbele ya walimu wako, na mtu akakuambia tena kwamba swali lako ni dogo, mwambie una kaka aliyetolewa shimoni, ambaye leo anainama ili apite mlangoni.

Mama yako